Ndege Asiyeruka: Tumlinde Aliye Hai au Tumrudishe Aliyekwisha?

Tangu binadamu aanze kuenea duniani, spishi 581 za ndege zinajulikana kuwa zimetoweka. Kati ya hizo, 166 zilikuwa za ndege wasioruka. Spishi za wasioruka zilizobaki hai leo ni 60 tu. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2020, nayo inavuruga picha tuliyokua nayo shuleni, kwamba ndege asiyeruka ni kioja cha maumbile, mbuni huku na pengwini kule. Dunia ilijaa ndege wa namna hiyo, visiwani hasa. Tuliowamaliza ni sisi, pamoja na panya, paka na nguruwe tuliowashusha kutoka melini.

Sasa imezuka hoja mpya. Mwaka 2023 kampuni ya Kimarekani, Colossal Biosciences, ilitangaza kwamba inataka kumrudisha dodo wa Mauritius kwa ufundi wa jeni. Je, fedha na akili ziende huko, au ziende kwa wale wanaopumua bado? Nimeziweka barazani sauti tatu za kubuni, kila moja ikiwa na upande ninaouheshimu: Binti anayesomea jenetiki chuo kikuu, Mwalimu wa biolojia wa sekondari, na Mzee aliyestaafu uaskari wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MZEE: Nianze na ninayemjua. Kule kwetu Wasomali humwita gorayo. Dume lake lina shingo na mapaja ya samawati iliyochanganyika na kijivu, tofauti na mbuni wa Umasaini ambaye shingo yake ni ya waridi. Zamani tuliambiwa ni mbuni yule yule. Tangu 2014 BirdLife International wanamhesabu kuwa spishi peke yake, tena iliyo hatarini. Mbuni hukimbia hadi kilomita 70 kwa saa, na teke lake hata simba analiogopa. Nimewasikia watu wakimhurumia kwamba alipewa mbawa akanyimwa anga. Mimi sijaona cha kumhurumia, ila risasi na watu wanaookota mayai yake.

MWALIMU: Umeanza pazuri, Mzee wangu. Kuruka kuna gharama. Ndege arukaye hubeba misuli mikubwa ya kidari, na misuli hiyo hujishikiza kwenye mfupa uliosimama kama mkuku wa jahazi. Kuikuza na kuilisha kunakula nguvu nyingi kila siku ya maisha yake. Sasa mpeleke ndege huyo kwenye kisiwa kisicho na mnyama wa kumkimbiza. Kifaranga anayeanguliwa na misuli midogo kidogo hapati hasara yoyote. Nguvu aliyookoa huiweka miguuni, kwenye mafuta ya akiba, kwenye mayai. Vizazi vikipita, mfupa ule hufifia.

MZEE: Lakini gorayo hakai kisiwani. Anaishi na simba, fisi na chui.

MWALIMU: Kweli, na ndiyo maana njia yake ilikuwa nyingine. Yeye alijikinga kwa ukubwa na kwa mbio. Ndege mdogo wa kisiwani hana kinga hata moja kati ya hizo, na hakuihitaji mpaka sisi tulipofika.

BINTI: Hapo jenetiki imetufungua macho. Miaka mingi vitabu vilisema mbuni, emu wa Australia, rea wa Amerika Kusini na kiwi wa New Zealand ni watoto wa babu mmoja asiyeruka, waliotenganishwa mabara yalipoachana. Kisha mwaka 2014 vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa ya ndege-tembo wa Madagaska vilisomwa. Ndege-tembo alikuwa mkubwa kuliko mbuni, na yai lake lilizidi mayai ya kuku zaidi ya mia moja kwa ujazo. Jamaa yake wa karibu alionekana kuwa nani? Kiwi, ndege wa ukubwa wa kuku, aliye ng'ambo ya bahari nzima. Madagaska na New Zealand hazikupata kushikana kwa namna ya kueleza jambo hilo. Tena ndani ya ukoo huo huo wamo tinamu wa Amerika, ambao wanaruka hadi leo. Maana yake mababu wao waliruka, wakafika kila mmoja kwake, kisha kila mmoja akaacha kuruka kivyake.

MZEE: Kila mmoja kivyake, na wote wakaishia kufanana?

BINTI: Ndiyo, Mzee. Na utafiti wa mwaka 2019 uliolinganisha jenomu zao ulionyesha kwamba mabadiliko yanayofanana hayapo sana kwenye jeni zenyewe. Yapo zaidi kwenye vipande vya vinasaba vinavyoamuru jeni zifanye kazi lini na kwa kiasi gani. Jeni za kujenga bawa zipo, ila amri zimebadilika. Mnandi wa Galápagos, ambaye anaishi visiwa vya Fernandina na Isabela tu, alichunguzwa mwaka 2017. Kwake yeye zilikutwa kasoro kwenye jeni zinazohusika na vinyuzi vidogo vya seli, vile vinavyopokea ujumbe wa ukuaji wa mifupa. Binadamu akiwa na kasoro za namna hiyo huugua. Mnandi yule amebaki na mbawa fupi, akawa mzamiaji hodari.

MWALIMU: Na anayetaka kuona jambo hili likijirudia mbele ya macho yake aangalie upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, Aldabra, huko Shelisheli. Kuna ndege mdogo wa jamii ya kiluwiri, koo jeupe, mgongo wa rangi ya udongo, ambaye hawezi kuruka. Nduguze wa Madagaska wanaruka vizuri. Mwaka 2019 Julian Hume na David Martill walichapisha uchunguzi wa visukuku vya Aldabra. Walionyesha kwamba kabla ya miaka 136,000 iliyopita, kiluwiri asiyeruka aliishi pale. Kisha bahari ikapanda, ikakifunika kisiwa chote, na kila kiumbe wa nchi kavu akafa. Bahari ilipopungua na matumbawe kuibuka tena, viluwiri wakaja upya kutoka Madagaska, kwa mbawa. Visukuku vya miaka kama 100,000 iliyopita vinaonyesha mifupa ya mguu imeshaanza kuwa mizito, dalili ya ndege anayehama kutoka angani kwenda ardhini. Jambo lile lile, kisiwa kile kile, mara mbili, kutoka ukoo mmoja. Kipindi chenyewe hakikuzidi miaka 20,000.

BINTI: Kwa jiolojia hiyo ni kufumba na kufumbua.

MWALIMU: Kwa maisha ya binadamu ni milele. Nakusihi uyakumbuke yote mawili, binti yangu, maana tutayarudia.

Hapa naingia kidogo. Watu wa pwani yetu wanazijua Mauritius na Shelisheli kwa utalii na kwa samaki, lakini Aldabra wachache wameisikia. Mwaka 1965 Uingereza iliimega kutoka koloni la Shelisheli, ikapanga kujenga uwanja wa ndege wa kijeshi juu ya makao ya kobe wakubwa na viluwiri hawa. Wanasayansi, Royal Society ikiwamo, walipaza sauti, na mwaka 1967 mpango ukaachwa. Mwaka 1982 UNESCO ikaitambua Aldabra kuwa Urithi wa Dunia. Kama uwanja ule ungejengwa, leo huenda tungekuwa tunaomba maabara iturudishie kiluwiri.

BINTI: Basi tumfikie dodo, kwa kuwa ndiye aliyetukusanya. Waholanzi walitia nanga Mauritius mwaka 1598. Mara ya mwisho inayokubaliwa na wengi kwamba mtu alimwona dodo ni 1662. Miaka 64! Oxford wana kichwa na mguu wake, na mwaka 2002 Beth Shapiro na wenzake walisoma vinasaba vyake, wakaonyesha kwamba jamaa yake wa karibu aliye hai ni njiwa wa Nicobar, anayepatikana kusini-mashariki mwa Asia. Leo Shapiro ndiye mwanasayansi mkuu wa Colossal. Ndege hafanyiwi kloni kama kondoo, kwa sababu yai lake na kiini chake haliingiliki kirahisi. Njia iliyopo ni kuchukua seli za mwanzo za uzazi kutoka kiinitete cha njiwa, kuzihariri zifanane na za dodo, kisha kuzitia ndani ya kiinitete cha ndege mwingine. Huyo akikua, ndiye atakayebeba mbegu za dodo.

MWALIMU: Mbegu za njiwa aliyehaririwa. Mwite kwa jina lake.

BINTI: Sawa, Mwalimu. Njiwa aliyehaririwa akawa na umbo la dodo, mwendo wa dodo, pengine na kazi ya dodo msituni. Tuseme tu hafai?

MWALIMU: Kazi gani hiyo? Mwaka 1977 Stanley Temple alidai kwamba mti wa tambalakoke wa Mauritius haukuwa ukiota tena kwa sababu mbegu zake zilihitaji kupita tumboni mwa dodo. Hadithi ilienea dunia nzima. Baadaye wataalamu wakaonyesha kwamba miche ya umri mdogo ipo, na kwamba mti ule una maadui wengine wengi. Tusimtwishe dodo kazi ambayo hatujathibitisha kwamba alikuwa nayo.

MZEE: Hapa, Mwalimu, nakuacha. Mimi namtetea Binti.

MWALIMU: Wewe tena, Mzee?

MZEE: Mimi. Arabuni kulikuwa na mbuni. Bunduki na magari vikamwinda hadi akatoweka katikati ya karne iliyopita. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha alikuwa karibu sana na mbuni wa shingo nyekundu wa Afrika Kaskazini. Saudi Arabia ikamchukua huyo, ikamweka katika hifadhi ya Mahazat as-Sayd. Si yule wa kwanza, lakini jangwa lina mbuni. Nami sioni kosa. Kama nafasi ya marehemu inaweza kushikwa na ndugu yake, kwa nini isishikwe na ndugu aliyefundishwa maabara?

MWALIMU: Kwa sababu yule wa Arabuni alikuwepo tayari, akiwa na mama wa kumfundisha kula na kuogopa. Na mfano bora zaidi uko Mauritius penyewe. Kobe wakubwa wa Mauritius walikwisha kama dodo. Mwaka 2000 wahifadhi wakaanza kuwaweka kobe wa Aldabra katika kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes. Kobe wakala matunda ya mpingo wa pale, wakazisambaza mbegu, na miche ikaota mbali na miti mama. Hakuna jeni iliyoguswa.

BINTI: Nakubali kobe ameshinda. Lakini ninyi nyote mnazungumza kama jenetiki ni ndoto ya kumfufua dodo peke yake. Mtazameni kakapo.

MZEE: Yupi huyo?

BINTI: Kasuku wa New Zealand. Haruki, hutembea usiku, dume linafika kilo 4. Dume huchimba kishimo, huvimba kifua na kutoa mvumo mzito unaosikika kilomita kadhaa. Huzaliana tu miti ya rimu inapozaa kwa wingi, kila miaka miwili hadi minne. Mamilioni ya miaka adui wake alikuwa ndege mwindaji wa angani, kwa hiyo akishtuka hutulia kimya asionekane. Dawa nzuri dhidi ya tai, lakini haina maana mbele ya paka, ambaye hufuata harufu. Mwaka 1995 walibaki 51.

MWALIMU: Na kabla ya hapo alikuwepo mtu aliyejaribu kuwaokoa. Richard Henry, mwaka 1894, aliwekwa kuwa mlinzi wa kisiwa cha Resolution. Aliwahamishia kakapo mamia kwa mashua, akiwaepusha na vicheche vilivyoletwa kutoka Ulaya kuja kula sungura. Mwaka 1900 kicheche kikaonekana kisiwani. Kilikuwa kimeogelea. Kazi yote ikaharibika.

MZEE: Masikini.

BINTI: Miaka 75 baadaye, mwaka 1975, dume mmoja alikamatwa katika milima ya Fiordland, akapewa jina la mtu huyo, Richard Henry. Ndiye wa mwisho aliyesalia wa bara. Wengine wote walitoka kisiwa cha Rakiura, ambako kundi lao liligunduliwa 1977. Alizaa vifaranga watatu, akafa 2010. Wahifadhi wanajua wajukuu wake mmoja mmoja, na sababu ni jenetiki: damu ya Fiordland ina jeni ambazo Rakiura hawana, kwa hiyo kila mzao wake anatunzwa kwa hesabu maalumu ili ukoo huo usipotee. Kisha mwaka 2021 ukaja utafiti uliotushangaza. Kakapo wa Rakiura, waliozaliana ndugu kwa ndugu kisiwani kwa miaka kama 10,000, walikutwa na kasoro za kinasaba karibu nusu tu ya zile zilizokutwa kwenye ngozi za makumbusho za kakapo wa bara. Kasoro mbaya zaidi zilijitokeza, waliozibeba wakafa, na ukoo ukasafika polepole.

MZEE: Basi kuwa wachache si hatari?

BINTI: La, Mzee, si kila mara. Walisafika kwa sababu walipungua polepole, kwa maelfu ya miaka. Ndege anayeporomoka ghafla hapati muda huo. Mauritius yuko njiwa waridi, ambaye anaruka, lakini somo lake linawahusu wote. Mwaka 1990 walibaki kama kumi porini. Leo ni mamia. Watalii wanashangilia. Lakini utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi imerudi huku mzigo wa kasoro ukiendelea kuongezeka, na bila kuletewa damu mpya kutoka kwa wale waliofugwa nje wanaweza kutoweka tena. Mtu akihesabu vichwa tu atasema kazi imekwisha.

Hoja hii ya Binti ndiyo iliyonibadilisha nilipokuwa nikisoma kuhusu ndege hawa. Nilikuwa naamini uhifadhi ni uzio, askari na mitego ya panya. Bado naamini hivyo ndivyo vya kwanza. Lakini jicho la askari halioni kinachoharibika ndani ya damu, na kundi linaweza kuonekana nene huku likioza.

MZEE: Na hao kakapo waliongezeka kwa jeni?

BINTI: Waliongezeka kwa kuhamishiwa visiwa visivyo na panya wala paka, kama Whenua Hou, na kwa watu kulala kando ya viota. Mwaka 2022 walifika 252. Pia kwa kujua wanachokula. Mwanzoni majike walilishwa sana, wakanona, na wakaanza kuzaa madume kupita kiasi, janga kwa ndege ambaye majike ndio waliokuwa wachache. Chakula kikapimwa upya kwa uzito wa kila jike, na msimu wa 2002 majike wakazidi madume.

MWALIMU: Umesema mwenyewe, binti yangu. Mahali kwanza, chakula cha pili, jeni ya tatu. Sasa dodo wako, hata kama amekamilika kila unyoya, utamweka wapi? Msitu mzuri wa asili wa Mauritius haufiki asilimia 2 ya nchi. Panya wapo, nguruwe wapo, nyani walioletwa na mabaharia wapo. Wale waliokula mayai yake karne ya 17 hawajaondoka.

BINTI: Colossal wanashirikiana na Mauritian Wildlife Foundation. Vipo visiwa vidogo vilivyosafishwa.

MWALIMU: Île aux Aigrettes ina hekta kama 26. Nionyeshe ndege mkubwa wa ardhini atakayejenga ukoo mzima hapo bila kurudi kwenye shida ile ile ya kuzaliana ndugu kwa ndugu. Utamtoa kaburini umrudishe kwenye foleni ya kufa.

Naegemea upande wa Mwalimu hapa, bila kusita. Kila ndege asiyeruka ameweka maisha yake yote kwenye mahali pamoja. Mbawa ndizo zilizokuwa njia yake ya kuondoka, naye ameziacha kwa sababu mahali pale palimtosha. Ukipaharibu, hana kwa kukimbilia. Ukimtengeneza upya bila kupatengeneza, umemtengenezea mateso.

MZEE: Turudi Aldabra, maana Mwalimu alisema tutarudi.

MWALIMU: Sehemu kubwa ya Aldabra haizidi mita 8 juu ya usawa wa bahari, na bahari inapanda. Watu wamenieleza kwamba kiluwiri alizama akarudi, basi hata safari hii atarudi. Atakayerudi si yeye. Atakuja mgeni mwenye mbawa kutoka Madagaska, kama misitu ya Madagaska itakuwepo, na tutasubiri maelfu ya miaka. Kwa hiyo huyu aliyepo ndiye wetu wa pekee.

BINTI: Na hata leo hayuko kila mahali alipopaswa kuwa. Paka shume walimmaliza Grande Terre, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Aldabra. Picard pia alitoweka. Paka wa Picard walipokwisha, mwaka 1999 ndege 18 walirudishwa kutoka kisiwa jirani cha Malabar. Wakaongezeka hadi kuhesabiwa kwa maelfu.

MZEE: Kumi na wanane tu?

BINTI: Kumi na wanane. Panya walikuwepo, tena wapo hadi leo, lakini aliyekuwa akimmaliza kiluwiri hasa ni paka.

MZEE: Basi kwa akili yangu ya porini, anayetaka kutumia fedha awatoe paka Grande Terre. Mbuzi wa Aldabra waliondolewa wote, kazi ikaisha 2012, na watu walisema haiwezekani.

BINTI: Paka kwanza, Mzee, nakubaliana nawe. Ila siku watakapobeba viluwiri kuwapeleka Grande Terre, nataka damu ya kila mmoja iwe imeshapimwa, ili wasichukuliwe wote ukoo mmoja. Na nataka seli zao zihifadhiwe kwenye baridi kali kuanzia sasa, wakiwa wengi na wazima, wasije wakafikia kuokolewa kutoka kwenye kichwa na mguu wa makumbusho.

MWALIMU: Kazi hizo nitazichangia.